Ni Nani Amlipaye Akaaye na Mzazi?

Katika lugha yetu maneno mkunga, kungwi na kunga yamekaa nyumba moja. Mkunga humpokea mtoto, kungwi humfunda mwali, na kunga ni yale mambo ya siri yasiyosemwa barazani. Mtu akiyatazama kwa pamoja atatambua kwamba wazee wetu hawakuiona kazi ya kuzalisha kuwa ni kazi ya mikono peke yake. Ilikuwa pia kazi ya maneno, kazi ya kukaa karibu na mwanamke mwenye hofu na kumwambia ni kitu gani kinakuja na namna ya kukikabili.

Insha hii inahusu sehemu hiyo ya pili, yaani ile ya kukaa na mzazi. Nitaifuata historia yake hasa katika nchi ya Marekani, kwa kuwa huko ndiko ilikofukuzwa kwa sheria, ikarudishwa kwa utafiti, na sasa inatafutiwa bajeti. Kisha nitasema machache juu ya kwetu. Namwomba msomaji aangalie jambo moja njia nzima, nalo ni fedha: ni nani amlipaye mwanamke huyu, na anamlipa kiasi gani.

Mabibi wa Kusini

Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani walivuka bahari bila mzigo, lakini hawakuvuka bila ujuzi. Katika mashamba ya pamba, mpunga na tumbaku ya majimbo ya Kusini, wanawake wazee weusi ndio waliowazalisha watumwa wenzao, na mara nyingi hata wake za mabwana. Utumwa ulipofutwa mwaka 1865 waliendelea na kazi hiyo kwa karibu miaka mia moja zaidi. Watu waliwaita mabibi, jina ambalo kinywani mwa jirani lilikuwa heshima na kinywani mwa mkaguzi wa serikali lilikuwa dharau.

Kazi ya bibi haikwisha kwa kukata kitovu. Alifika mapema, akachemsha maji, akapika, akafua, akawaangalia watoto wakubwa, na alirudi siku zilizofuata kumtazama mama na mwanawe. Ujira wake ulikuwa dola chache. Familia isiyokuwa na fedha ilitoa kuku, nyama ya nguruwe, mahindi au siku ya kazi shambani, na iliyokosa hata hivyo ilitoa shukrani tu. Kwa maneno mengine, maskini walihudumiwa kwa gharama ya maskini mwenzao.

Mwaka 1912 serikali kuu ya Marekani ilianzisha Ofisi ya Watoto, na mkuu wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Julia Lathrop. Ofisi hiyo ilihesabu vifo vya watoto wachanga na vya mama zao, na hesabu ikawatia aibu wenyewe. Baada ya wanawake kupata kura mwaka 1920, Bunge lao lilipitisha mwaka 1921 sheria iliyojulikana kwa majina ya waliyoipeleka, Sheppard na Towner. Kwa mara ya kwanza serikali kuu iliyapa majimbo fedha kwa ajili ya afya ya mama na mtoto, kwa masharti kwamba nayo yachangie. Wauguzi wakaajiriwa, kliniki zikafunguliwa, na mabibi wa Kusini wakaitwa darasani.

Mimi ni mtu wa vyuo vya ualimu, kwa hiyo habari za mafunzo hayo zinanivutia. Mabibi walifundishwa kunawa, kuchemsha vifaa, kuweka dawa ya matone machoni mwa mtoto na kujaza fomu za vizazi. Walivalishwa aproni nyeupe. Mifuko yao ilikaguliwa, na yule aliyekutwa na mizizi au majani ya dawa aliweza kunyang'anywa kibali. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ilikuwa na manufaa, na iliokoa macho na maisha ya watoto wengi. Lakini sheria ile ile ilikataza fedha zake zisitumike kulipa posho au kiinua mgongo cha uzazi kwa yeyote. Serikali ilimlipa muuguzi aliyekuja kuukagua mfuko. Mwenye mfuko aliendelea kulipwa kuku.

Mwaka 1929 Bunge liliiacha sheria hiyo ife, na miongoni mwa walioipinga kwa nguvu ni chama cha madaktari cha nchi hiyo. Kazi iliyojengwa kwa miaka saba ilibaki mikononi mwa majimbo, na majimbo maskini ndiyo yaliyokuwa na mabibi wengi zaidi.

Kuna kisa kingine kinachofaa kukumbukwa. Desemba 1951 jarida la Life lilichapisha picha za W. Eugene Smith zikimwonyesha Maude Callen, muuguzi mkunga mweusi wa vijijini South Carolina, ambaye alizalisha, aliponya na kuwafundisha wakunga wengine katika eneo kubwa lisilokuwa na daktari wa kutosha. Wasomaji waliguswa wakatuma michango iliyozidi dola 20,000, na kwa fedha hizo kliniki ilijengwa ikafunguliwa mwaka 1953. Ni kisa cha kutia moyo. Lakini msomaji akitafakari ataona jambo la kusikitisha ndani yake: huduma ya wanawake wa wilaya nzima ilingoja mpiga picha mwenye kipaji apite njia ile.

Mwaka huohuo wa 1953 idara ya afya ya jimbo la Georgia ilitoa filamu ya kufundishia wakunga, iliyotengenezwa na George Stoney, ambamo bibi Mary Coley wa mji wa Albany anaonekana akifanya kazi yake kwa usafi na upole wa ajabu. Mwaka 2002 filamu hiyo, All My Babies, iliwekwa katika orodha ya filamu ambazo taifa la Marekani limeamua kuzihifadhi. Hivyo picha ya mkunga iliwekwa makumbusho. Nini kilimpata mkunga mwenyewe?

Mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilijenga hospitali nyingi kwa sheria ya mwaka 1946, lakini sheria hiyo iliruhusu hospitali za kibaguzi, mradi idaiwe kwamba watu weusi wana sehemu yao iliyo sawa. Ruhusa hiyo ilivunjwa mahakamani mwaka 1963. Mwaka 1965 ukaja mpango wa bima ya serikali kwa maskini uitwao Medicaid, na fedha za serikali zikaanza kuzifuata hospitali zilizokubali kuwapokea watu wote. Mwanamke mweusi wa Alabama au Mississippi sasa aliweza kuingia kwa mlango wa mbele.

Hapa hatuna budi kuwa waadilifu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marekani ilipoteza zaidi ya wanawake 600 kwa kila vizazi hai 100,000. Kufika mwaka 1960 idadi ilikuwa chini ya 40. Damu ya kuongezewa, dawa za kuua vijidudu na upasuaji salama ndivyo vilivyoleta badiliko hilo. Hakuna bibi, awe na busara kiasi gani, awezaye kuzuia kwa nasaha mama anayevuja damu. Anayetaka kurudisha uzazi wote majumbani hajahesabu makaburi.

Lakini mlango wa hospitali ulipofunguliwa, mlango mwingine ulifungwa. Medicaid ilimlipa daktari na ikailipa hospitali. Haikuwa na safu ya kumwandika yule aliyekaa na mzazi. Jimbo la Alabama lilipitisha mwaka 1976 sheria iliyoondoa wakunga wasiokuwa wauguzi. Onnie Lee Logan wa mji wa Mobile alipokea barua mwaka 1984 kumwarifu kwamba kibali chake hakitaendelea. Maisha yake aliyasimulia katika kitabu Motherwit, kilichotoka mwaka 1989. Margaret Charles Smith wa Eutaw, aliyezalisha watoto wanaozidi 3,000, alitoa chake, Listen to Me Good, mwaka 1996. Wanawake hawa waliaga kazi bila pensheni. Ahsante ya punda ni mateke.

Mwanamke mweusi akaingia wodini peke yake. Alipata kitanda, alipata daktari, lakini hakuwa na mtu wa kumshika mkono, wala wa kusema kwa sauti, "Huyu mama anasema anaumwa, msikilizeni."

Jina jipya

Mwaka 1973 mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, Dana Raphael, alitumia katika kitabu chake juu ya kunyonyesha neno la Kigiriki kumtaja mwanamke anayemsaidia mama mpya. Wenyewe huliandika doula. Mimi nitaliandika dula, kama linavyotamkwa. Katika Kigiriki cha kale neno hilo lilimaanisha mtumwa wa kike. Wajukuu wa watumwa wameitwa kwa jina la mtumwa, katika kazi ambayo bibi zao waliifanya utumwani. Baadhi yao hawalipendi, nami siwezi kuwalaumu.

Dula si mkunga. Hapimi, hachomi sindano, hazalishi. Humtembelea mwanamke wakati wa mimba, hukaa naye tangu uchungu unapoanza hadi mtoto azaliwe, kisha humfuata nyumbani siku za baadaye. Mtu wa pwani akisikia hivyo atacheka na kusema kwamba hilo si jambo jipya. Kweli si jipya. Lililo jipya ni kwamba lilipimwa.

Mwaka 1980 madaktari Sosa, Kennell, Klaus na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Guatemala. Baadhi ya wazazi waliachwa katika utaratibu wa kawaida wa hospitali, yaani peke yao. Wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, mtu wa kawaida ambaye hawakumjua kabla na asiyekuwa na mafunzo ya utabibu. Waliokaa peke yao walichukua zaidi ya saa 19 tangu kupokelewa hadi kujifungua. Waliokuwa na mwenza walichukua karibu saa 9. Kundi lilikuwa dogo, wanawake 40 tu, hivyo jaribio lilirudiwa. Huko Houston, katika wanawake 412 ambao habari zao zilichapishwa mwaka 1991, waliopasuliwa walikuwa asilimia 18 miongoni mwa waliokaa peke yao na asilimia 8 miongoni mwa waliokuwa na dula. Mwaka 2017 wachambuzi walikusanya majaribio ya namna hiyo yaliyohusu wanawake 15,858 katika nchi 17. Wenye mwenza walijifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, muda wa uchungu ulipungua, na wachache walijutia namna walivyotendewa.

Kama dawa ya vidonge ingeonyesha matokeo hayo, viwanda vingeshindana kuitengeneza. Lakini hii haikuwa dawa. Ilikuwa mtu, na mtu anataka kula. Basi katika miaka ya 1990 dula akawa huduma ya wenye nazo, wanawake wa tabaka la kati walioweza kumlipa kutoka mfukoni. Aliyekuwa na hofu kubwa zaidi ya kuachwa peke yake ndiye aliyekuwa na mfuko mtupu zaidi.

Wa kwanza kuigeuza hali hiyo kwa utaratibu uliojulikana sana ni shirika la Chicago Health Connection, lililoanza mwaka 1996 mradi kwa ajili ya mama wasichana wa mjini Chicago. Fikra yao ilikuwa nyepesi na kubwa kwa pamoja: dula atoke mtaa uleule, aijue lugha ya mtaa, aanze na msichana mimba ikiwa bado changa na aendelee naye miezi baada ya kuzaa. Na alipwe mshahara. Hicho ndicho kinachoitwa leo dula wa jamii.

Hesabu za vifo na hesabu za malipo

Kwa nini suala hili limefika mezani kwa wabunge? Kwa sababu ya vifo. Mwaka 2021, katika janga la korona, Marekani ilipoteza wanawake weusi 69.9 kwa kila vizazi hai 100,000, na wanawake wazungu 26.6. Korona ilipopungua, vifo vilipungua pia, lakini si kwa usawa. Mwaka 2023 wazungu walikuwa 14.5 na weusi 50.3, yaani zaidi ya mara tatu. Tofauti hiyo haimalizwi na elimu wala mali. Mchezaji tenisi Serena Williams ameeleza hadharani jinsi mwaka 2017, baada ya kujifungua, ilimbidi asisitize mpaka wauguzi walipokubali kumpima, na damu iliyoganda ikakutwa mapafuni. Ikiwa sauti ya Serena ilihitaji kurudiwa, sauti ya mfagiaji itasikika mara ya ngapi?

Takriban vizazi 4 kati ya 10 nchini humo hulipiwa na Medicaid. Kwa hiyo dula wa mwanamke maskini hawezi kuwepo mpaka Medicaid imlipe. Oregon na Minnesota ndiyo majimbo yaliyotangulia, na yote mawili yalianza kulipa kufika mwaka 2014. Oregon ilianza na dola 75 kwa uzazi mzima. Minnesota ilianza na kiasi cha dola 411 kwa ziara sita pamoja na uzazi wenyewe.

Hesabu hizi nilizijua si kwa vitabu tu. Binti wa marehemu kaka yangu anaishi Minneapolis. Usiku alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na kuanzia mwaka 2017 akawa dula wa wanawake wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi. Siku moja alinipigia simu, na baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Baba mdogo, wewe ni mwalimu, nifanyie hesabu. Labda mimi ndiye sijui kugawanya."

Tukagawanya. Ziara sita, pamoja na njia, zilikula saa 15. Uzazi mmoja kwa wastani wake ulikula saa 20. Jumla saa 35 kwa dola 411, kiasi cha dola 11 na senti 74 kwa saa. Katika hizo ilimbidi aishi wiki mbili au tatu simu ikiwa chini ya mto, asisafiri wala asikubali zamu ya ziada. Tena hakuweza kudai malipo kwa jina lake. Yalipita kwa mtaalamu wa afya mwenye namba ya kudai, nayo yalichelewa miezi. Nilimwambia kwamba anajua kugawanya vizuri sana.

Mwishoni mwa mwaka 2018 aliacha. Hakuacha kwa hasira, aliacha kwa kodi ya nyumba. Baada ya muda mama mmoja ambaye alikuwa amekaa naye kwa mtoto wa kwanza alikwenda kujifungua wa pili bila yeye. Lugha ilipitia kwa mkalimani wa simu. Baada ya kujifungua mama yule alisema mara tatu kwamba anasikia baridi na macho yanaingia giza, na mara tatu mkalimani mwingine aliunganishwa na kuanza upya. Walipofunua shuka kitanda kilikuwa kimelowa. Alipona, Mungu ni mwema, lakini hatazaa tena. Hospitali hiyo sitaitaja, kwa kuwa lililotokea humo lingeweza kutokea katika nyingi. Binti yangu huyo hulisimulia kwa sauti ya chini, na kila mara humalizia kwa kusema kwamba yeye angelijua neno "kizunguzungu" bila kupigiwa simu.

Mwaka 2019 jimbo lilipandisha malipo yakawa dola 47 kwa ziara na 488 kwa uzazi, yaani dola 770 kwa jumla. Tangu Januari 2024 ni dola 100 kwa ziara na 1,400 kwa uzazi. Kwa ziara sita zilezile ni dola 2,000, kama dola 57 kwa saa. Mwaka huo alirudi kazini. Oregon nayo ilipanda hadi dola 350 mwaka 2017, kisha 1,500 mwaka 2022, na majimbo mengine yamefuata, California ikiwemo mwaka 2023. Asiyeamini kwamba historia huendeshwa pia na tarakimu na aziangalie hizo. Mwanamke yuleyule, mwenye moyo uleule, aliondoka kwa dola 411 akarudi kwa dola 2,000. Mkono mtupu haulambwi.

Kwetu

Nasi tumepita njia inayofanana, ingawa si ileile. Shangazi yangu alikuwa mkunga kandokando ya mto Pangani. Alilipwa doti ya kanga, sabuni, pishi ya mchele, na siku ya arobaini alikalishwa mbele. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliwataja waganga na wakunga wa jadi miongoni mwa wanaoweza kushirikishwa, na katika miaka ya 1980 shangazi aliitwa semina. Alirudi na kisanduku chenye wembe, uzi, sabuni na shuka ya plastiki. Alikipenda kisanduku kile kuliko kitu chochote. Vifaa vilipokwisha hapakuwa na mtu wa kukijaza.

Mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987 uliufungua ulimwengu macho juu ya vifo vya akina mama. Katika miaka iliyofuata mashirika ya kimataifa yaliamua kwamba mafunzo ya wakunga wa jadi hayajapunguza vifo vya kutosha, na kwamba kila mzazi apate mhudumu mwenye ujuzi wa kitabibu. Uamuzi huo ulikuwa na hoja. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za Tanzania, waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 47 mwaka 2004/05, asilimia 63 mwaka 2015/16 na asilimia 81 mwaka 2022. Makadirio ya vifo yalishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16 hadi 104 katika ule wa mwaka 2022. Hayo ni mafanikio ambayo kila Mtanzania ana haki ya kujivunia.

Lakini shangazi alipoanza kuwapeleka wazazi kituoni, kama alivyoagizwa, alisimamishwa getini. Aliyekuja naye aliingia peke yake, na yeye alikaa chini ya mwembe na kapu la chai mpaka asubuhi. Hakuomba kuzalisha. Aliomba kukaa. Wodi ilikuwa finyu, kitanda kimoja kilikuwa na wawili, na muuguzi mmoja alikuwa na wazazi wengi kuliko mikono yake. Alikuwepo mtu wa kusaidia, tena bure, naye aliwekwa nje.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwenza anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Huko Kigoma, kati ya mwaka 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilifanya jaribio la kuwaruhusu wazazi kuwa na mwenza katika vituo kadhaa vya afya, na kazi ikawezekana katika majengo yetu haya haya. Na Januari 2024 serikali yetu ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaokusudia kufikia zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Ndani ya mpango mkubwa namna hiyo, mtu wa kukaa na mzazi anaweza kupewa nafasi yake, au anaweza kusahauliwa tena.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na historia hii napenda kutaja mambo manne.

Kwanza, mafunzo bila malipo ni nusu ya ahadi. Mabibi wa Kusini walipewa aproni, shangazi alipewa kisanduku. Wote wawili walihitaji pia mshahara.

Pili, fedha za huruma hazidumu. Sheria ya 1921 ilikufa mwaka 1929. Wasomaji wa jarida hutuma mchango mara moja. Kinachodumu ni fungu lililoandikwa katika bajeti au katika bima, lenye jina na kiasi, ambalo waziri ataulizwa habari zake kila mwaka. Nalo limfikie mwenye kazi moja kwa moja, si kwa kupita mikononi mwa mwingine.

Tatu, mwenza wa mzazi asifanywe kiraka cha upungufu wa wauguzi. Akianza kubebeshwa kazi ya mkunga aliyesomea, tutawapoteza wote wawili, na mzazi atakuwa wa tatu.

Nne, atoke kwa watu anaowahudumia. Ujuzi wa kujua kwamba mama fulani akinyamaza ndipo anapoumwa zaidi haufundishwi kwa semina ya wiki mbili.

Najua jibu ambalo wengine watalitoa. Watasema kazi hii ni ya upendo, na upendo haulipwi. Nimekuwa mwalimu na mkuu wa chuo kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimesikia mara nyingi kwamba ualimu ni wito. Nilichunguza nikaona kwamba maneno hayo yalisemwa kwa sauti kubwa zaidi katika miezi ambayo mishahara ilichelewa. Upendo haulipwi, ni kweli. Lakini saa ishirini za usiku wa mtu zinalipika, nauli yake inalipika, na watoto aliowaacha nyumbani wanahitaji uji asubuhi. Wazee wetu waliosema mcheza kwao hutunzwa hawakudhani kwamba kutunzwa kunaharibu ngoma.

Shangazi alifariki mwaka 1996. Wazazi aliowashika mkono leo ni mabibi, na wajukuu wao hujifungulia kituoni, jambo ambalo yeye mwenyewe alilitaka. Yaliyobaki si makubwa: kiti kimoja kando ya kila kitanda cha kuzalia, mtu wa kukikalia, na jina lake katika orodha ya malipo mwisho wa mwezi.